Kikombe cha Protus

Wanangu hunicheka kwamba nyumbani kwangu kikombe hakioshwi mpaka kiangaliwe. Ni kweli. Mgeni akishakunywa chai na kwenda zake, mimi hubaki na kikombe chake kidogo, nikakigeuza huku na huku, nikaona pale mdomo ulipogusa na kile kilichobaki chini, ndipo nikipeleke kwenye sinki. Mkaza mwana wangu, mtu wa mikono myepesi, aliwahi kuninyang'anya kimoja akaniambia, "Mama, hiki ni kikombe, si gazeti." Tulicheka wote, na sikumweleza kitu. Nimefundisha watoto kuchora miaka mingi, nimestaafu, nimezeeka, na watu hudhani mazoea haya ni ya kisanii. Si ya kisanii hata kidogo. Ni ya mtu aliyewahi kuosha kikombe kimoja bila kukiangalia. Mwezi uliopita simu iliita saa nne asubuhi, namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Ni mimi Nekesa, dadake Protus. Mama ametuacha. Ameacha neno kwako, usiache kuja." Nilikaa papo hapo nilipokuwa, juu ya gunia la makaa, na sketi yangu nzuri ikapata ilichopata.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nikijifunza kazi kwa Fundi Ouma, mchoraji wa mabango, katika kibanda chake cha mabati kule Gikomba, katikati ya maseremala. Vumbi la mbao liliingia kila mahali, hata katika sukari. Juu ya meza ya kazi Fundi alikuwa ameweka bati moja la kupitisha mwanga, na mwanga ule ndio aliouheshimu kuliko wateja. Alichorea vinyozi, alichorea mafundi wa redio, alichorea wauza nyama wa Kiamaiko waliotaka mbuzi anayetabasamu. Sijui ni mbuzi gani hutabasamu Kiamaiko, lakini Fundi alimchora na meno yake yote. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni uso wa binadamu. Nyuso zake zote zilitoka zikifanana naye. Mjane mmoja wa Kaloleni alimwomba picha ya marehemu mume wake, Fundi akajaribu mara tatu, na mara tatu akajichora mwenyewe. Yule mama akamwambia, "Fundi, mimi nikitaka kukuona wewe nitakuja hapa Gikomba." Kwa aibu, Fundi akamwambia basi alete vitu alivyokuwa akitumia mzee. Akaleta kofia, miwani na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Siku alipokuja kuchukua picha alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemsemesha mwenzake, "Kumbe ulikuwa huku." Tangu hapo watu walikuja. Unajua hapa Eastlands, mtu akifa husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, magharibi huko, safari ya kutwa nzima. Nyumba ya Nairobi haibaki na kaburi la kutembelea. Hubaki ndara, kofia, kitana chenye nywele.

Fundi alikuwa na sheria zake. Mwenye vitu ndiye anayevipanga mezani kwa mkono wake, na sisi hatuvisogezi. Tena haruhusiwi mtu kushika brashi kabla hajakaa na vitu hivyo nusu siku akiviangalia tu. "Angalia kwanza, Rhoda. Mkono wako una haraka kuliko jicho lako." Wazee husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa kila siku iendayo kwa Mungu. Maseremala walipita wakinitania, "Niaje, msanii? Leo mnamchora nani, kijiko?" Niliwajibu kwa maneno makali na tukacheka. Lakini asubuhi, nikiwa peke yangu na ufunguo mkononi, nilikuwa nikibisha hodi kabla ya kufungua kufuli. Niliona haya kufanya hivyo, na bado nilifanya. Ilikuwa ni vibaya kuwaingilia ghafla wenye vitu vile.

Mama Protus alikaa Makongeni, katika zile nyumba za reli, na sote tulijua habari yake. Mwanawe mkubwa alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Siku moja aliamka amechelewa, akanywa chai akiwa amesimama, akaweka kikombe mezani, akasema atarudi saa kumi na mbili. Hakurudi. Mama yake alimtafuta hospitalini, akamtafuta katika vituo vya polisi, akaingia mochari na kutoka, akaingia tena. Kiwandani walimwambia kwamba siku hiyo hakufika. Miezi saba ilikuwa imepita. Na kwa kuwa sisi tunamwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kila aliyemwamkia njiani alimtaja kijana. Habari ya asubuhi, Mama Protus. Shikamoo, Mama Protus. Nilikuwa nikimwona akiitikia, na kila mara kichwa chake kiligeuka kidogo upande, labda kuangalia kama yupo nyuma yake.

Alikuja na sinia. Alitembea kutoka Makongeni hadi Gikomba, katikati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, akiwa amelishika mbele yake kwa mikono miwili bila kulitikisa, nalo limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nyuma yake alikuwa Nekesa, msichana wa miaka kumi na mitano, akiwasukuma watu kando. "Nipisheni, jameni, nipisheni!"

"Fundi yuko?" Mama Protus aliniuliza.

"Ameenda Kiamaiko, mama, ana bango la bucha. Atarudi kesho."

"Basi nakuachia wewe, mwanangu. Mwambie achore vilivyo. Na umwambie sikumletea vitu vya marehemu. Hivi ni vya mtu aliyetoka."

Alipanga mwenyewe: ndara mbili za buluu, ya kulia imelika kisiginoni, kitana cha mbao kilichovunjika jino, na kikombe cheupe cha enameli chenye ukingo wa buluu. Akavifunika tena kwa kile kitambaa, akakataa kiti, akakataa maji, akaenda. Nilisimama pale nikijiona mtu mkubwa, nimeachiwa dhamana. Haukupita muda, nikaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye nguzo, wakapanda mguu wa meza, wakaingia chini ya kitambaa. Nikafunua. Walikuwa wakielekea kwenye kikombe.

Naandika sehemu hii polepole, maana ningependa mkono wangu uchelewe, hata leo. Katika nyumba tulizolelewa, msichana akiona chombo cha mtu mzima ni kichafu hangoji kuambiwa. Chombo cha mgeni kikikaa na uchafu mbele yako, anayetukanwa ni mama yako. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikipeleka kikombe kwenye ndoo, nikakisugua kwa jivu na sabuni, ndani na nje, nikakisuuza mara mbili, nikakikausha kwa kanga yangu na kukirudisha mahali pake kikimetameta. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mlangoni huku nikiimba wimbo wa kanisani. Kulikuwa na nini ndani ya kile kikombe? Sijui. Nilikiosha bila kukiangalia. Nilikuwa mwanafunzi wa kuangalia, na sikuangalia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimetoka kununua chai ya maziwa kwa mama wa kibanda cha chai, na jiko dogo la kuyeyushia gundi ya fremu lilikuwa linawaka, niliposikia sauti nje. Ilikuwa ya Mama Protus, na nyingine ya mwanamume. Walikuwa wamesimama upande wa pili wa bati, karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono niwaguse.

"Shemeji, watu wa nyumbani wamengoja vya kutosha," alisema mwanamume. Nikajua ni yule baba mdogo wa Protus aliyesemekana kuwa njiani kutoka mashambani. "Mgomba umeshachaguliwa. Jumamosi tunauzika. Acha kijana apumzike."

Kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba likazikwa mahali pake, kwa maombi na kwa kilio, sawasawa na mtu. Ni desturi ya huruma. Siku hizi naielewa. Lakini mgomba ukishafukiwa, habari imekwisha, na anayeendelea kungoja anamngoja mtu ambaye ukoo mzima umemzika.

"Mtamzikaje mtu ambaye hajamaliza chai yake?" Mama Protus alisema. Hakupaza sauti. "Siku ile Nekesa alitaka kuondoa kikombe, nikamwambia, kiache, atamalizia. Mpaka leo maji hayajakigusa. Chai yake iko mle ndani, imekauka lakini imo. Kikombe cha maiti huoshwa, baba. Cha mtu aliyetoka hakioshwi. Ingia uone kwa macho yako, halafu uniambie nimzike."

Nikageuka nikakitazama kikombe. Kilikuwa cheupe pepepe, kikinikodolea macho. Nimeishi miaka mingi na nimezika watu wangu, lakini sijaogopa tena namna ile. Sikuogopa kugombezwa, niliona kabisa kwamba mwanamke yule angeingia mle na mtoto hai na kutoka na mtoto maiti, na aliyemuua ni mimi na jivu langu. Nikachukua chai yangu, nikaimimina kidogo ndani ya kikombe, nikakizungusha, nikakiweka juu ya jiko. Nje waliendelea kubishana, na mimi niliomba wabishane sana. Chai ilichemka, ikakauka, ikaacha duara la hudhurungi chini. Nilikirudisha mezani kwa ncha ya kanga na kukifunika, na papo hapo mlangoni kukaingia kivuli.

Mama Protus aliingia na Nekesa nyuma yake, akafunua kitambaa mwenyewe. "Angalia," alimwambia shemeji yake. Baba mdogo aliinama, akatazama, akavua kofia. Kisha Mama Protus akakichukua kikombe kwa viganja vyote viwili, akainamisha kichwa akatazama ndani. Kikombe kilikuwa bado na joto. Nilijua kina joto, maana vidole vyangu vilikuwa vinaniwaka. Aliganda. Akaniangalia mimi, akaangalia jiko, akarudisha macho kikombeni. Shemeji yake aliponyoosha mkono naye akishike, alikivuta kifuani.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, shemeji," alijibu yule mzee, na sauti yake ilikuwa imelegea. "Basi tungoje." Mgomba haukuzikwa Jumamosi ile.

Fundi aliporudi nilimpa salamu tu. Alikaa na vile vitu nusu siku kama kawaida yake, kisha akachora siku tatu, na sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Zile ndara ungedhani mtu amezivua sasa hivi, anakuja kuzivaa. Siku ya tatu, bila kugeuka, aliniuliza, "Uliangalia kabla ya kukiosha?"

Nikasema hapana.

"Basi nimechora chai ya kibandani." Aliifuta brashi taratibu. Nilingoja anifukuze, na laiti angenifukuza ningelala vizuri zaidi. "Nenda umpelekee picha yake. Na siku utakapoweza, umwambie."

Nilimpelekea jioni ile. Chumba chao naweza kukichora hata leo nikiwa nimefumba macho: viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma migongoni, kitanda nyuma ya pazia la maua, taa ya chemni juu ya kabati, na meza iliyoachwa nafasi tupu ya duara mahali pa kikombe. Alikirudisha kikombe papo hapo, picha akaitundika juu yake. Akanikaribisha chakula, ugali na mrenda na omena, na sahani zilikuwa nne ingawa sisi tulikuwa watatu. Ile ya nne ilikaa pembeni imefunikwa. Nilikula nikiiona. Nilikuwa nimekariri maneno njiani, "Mama, nina jambo la kukwambia," na kila nilipofungua kinywa nilitia ugali. Baada ya kula alisimama kumimina chai, akaniuliza, "Wewe unapenda ya maziwa, sivyo, mwanangu?" Nikasema ndiyo, mama, ya maziwa. Nekesa aliinamia sahani yake. Mama Protus alinimiminia kikombe kilichojaa, akakaa kunitazama nikinywa, na nilipomaliza alisema asante kwa kazi nzuri na akanisindikiza mpaka barabarani.

Sikumwambia wiki ile, wala mwaka ule. Mwisho wa mwaka niliingia chuo cha ualimu, na Fundi Ouma akafa nikiwa huko. Aliacha brashi zake ndani ya kopo, na nilizichora. Miaka mingi baadaye nilimwona Mama Protus Gikomba akichagua sweta, amezeeka, na mimi, mwalimu mzima mwenye mkoba, nikajificha nyuma ya robota la mitumba mpaka alipopita. Muuzaji akaniuliza, "Mathe, unakimbia polisi?" Nilipofika nyumbani nililia kwa hasira, hasira juu yangu. Nilijiuliza maswali yale yale: je, alihisi lile joto? Na kama hakuhisi, basi ni mimi niliyemfunga yule mama miaka yote akingoja, kwa nusu kikombe cha chai ya kibandani. Kuna siku nilitamani mgomba ule ungezikwa.

Baada ya ile simu nilifika mtaa wa Tena, nyumbani kwa Nekesa, saa tisa mchana. Hema lilikuwa limesimamishwa njiani, viti vya plastiki vimepangwa, watu wa kanisa wanaimba taratibu. Picha ya Fundi ilikuwa ukutani sebuleni, rangi zimefifia kidogo, ndara zile bado zinangoja miguu. Nekesa alinikumbatia. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko zangu. Hakuniacha nikae na wageni. Alinishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye bomba, ambako wanawake walikuwa wakiosha vikombe vya matanga kwenye mabeseni. Akawaomba watupishe. Kisha akaingia ndani, akatoka na sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Unakijua," alisema.

Nilitaka kupiga magoti. "Nekesa, niliki..."

"Tunajua, dada. Mama alijua siku ile ile. Mwanzo lilikuwa joto. Halafu akaona maziwa." Alisema hivyo bila ukali. "Protus hakuwahi kunywa maziwa maisha yake yote. Yalimsumbua tumbo tangu utotoni. Yeye alikuwa mtu wa strungi, chai nyeusi tu. Baba mdogo angejua wapi, alikuwa anamwona Krismasi kwa Krismasi. Lakini Mama kuchungulia tu, aliona ule weupe pembeni."

"Mbona hakunigombeza?"

"Nilimwuliza tukirudi nyumbani, maana mimi nilitaka kurudi nikupige. Akaniambia, 'Yule mtoto ameogopa kuliko mimi. Na mimi nilihitaji chai iwemo kikombeni. Kama ni yake, basi ni yake.' Hakukiosha tena, na hakuniruhusu nikioshe." Akafuta pua kwa mkono. "Jumamosi tunamzika nyumbani. Mgomba wa Protus utakuwa kando yake. Ni yeye mwenyewe aliyesema, wiki mbili zilizopita: nikienda mimi, hakuna tena wa kumngojea, mumzike. Lakini kikombe kioshwe kwanza, na atakayekiosha ni yule msichana wa Fundi. Alisema, 'Yeye ndiye aliyeanza.'"

Nilikaa juu ya jerikeni. Nekesa alifunua kitambaa akanipa. Safari hii niliangalia. Niliangalia mpaka wale wanawake wakaanza kunong'onezana. Duara langu lilikuwa bado chini, jeusi sasa, limepasukapasuka, na pembeni ule ukingo mweupe wa maziwa ambao sikuuona nikiwa na miaka kumi na tisa. Karibu na mkono wa kikombe enameli ilikuwa imebanduka, na pale kutu ilikuwa imeota. Ukingoni, upande wa kulia, buluu ilikuwa imefutika kwa urefu wa mdomo wa mtu. Hapo ndipo alipokuwa akinywea. Hapo jivu langu halikuweza kupaondoa, na palikuwepo siku zote, na hata Fundi alikuwa amepachora. Nikalia, na sikuona haya.

"Osha, dada," alisema Nekesa.

Alinimiminia maji na mimi nikasugua. Lile duara halikutoka upesi. Ilibidi niloweke, nikwangue kwa ukucha. Maji yakawa ya hudhurungi, kisha yakawa meupe, na Nekesa akayamwaga kwenye mtaro. Alikichukua kikombe akakifuta kwa kile kitambaa cha mama yake. Kisha akainua sufuria ndogo iliyokuwa kando ya jiko, akakijaza chai nyeusi, akatia sukari vijiko vinne huku midomo yake ikihesabu, akanishikisha.

"Ndivyo alivyopenda," alisema. "Kunywa."

Ilikuwa ya moto na tamu mno, utamu wa kijana asiyejali meno yake. Nilinywea upande ule wa kulia. Nekesa alisimama mbele yangu na sinia mkononi, akingoja, na sikumpa kikombe mpaka nilipomalizia.